Chungu cha Wageni

Kabla hamjaniamini, vijana, mjue kwamba anayewaandikia hapa aliishia darasa la sita, kule Fizi, Kongo, na hata hilo la sita alilimaliza kwa huruma ya mwalimu. Nasema mapema kwa sababu kazi niliyoifanya ina jina kubwa. Kwenye karatasi za ofisi niliitwa mfuatiliaji wa uvumbuzi. Sokoni Juru wanawake waliniita Papa Itadumu, maana kila nilipokuta kitu kipya nilikizunguka, nikakigusa, nikaandika, na mwisho nikasema itadumu au haitadumu. Jina la sokoni lilikuwa sahihi zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wenye mawazo mapya wanaipenda sana Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda. Leo wanaleta jiko lisilokula kuni, kesho taa inayokunywa jua, keshokutwa namba ya simu inayomwambia mkulima kwamba mvua inanyesha, na mkulima mwenyewe amesimama nje analoa. Wanapiga picha, tunapiga makofi, gari linarudi mjini Mbarara. Hapo ndipo kazi yangu ilianza. Baada ya miezi mitatu nilirudi kwenye nyumba zilezile, tena baada ya sita, tena baada ya mwaka, kuona kama lile wazo bado linapumua. Fomu ilikuwa na vyumba viwili tu vya kuweka alama: kinatumika, hakitumiki. Chini yake kulikuwa na mstari wa kutabiri: kwa maoni yako, kitakuwepo kwa miaka mingapi? Mstari huo ulinitoa jasho miaka yote. Mimi hata mvua ya mchana sijawahi kuijua asubuhi.

Ofisini Mbarara, upande wa Ruharo, juu ya duka la dawa za ng'ombe, kulikuwa na karatasi kubwa ukutani. Kila mfuatiliaji alikuwa na mstari wake. Utabiri ukitimia unabandikiwa duara la kijani, ukikosea jekundu. Mstari wangu ulikuwa karibu wote kijani. Ningependa kuwaambia sikujali. Nilikuwa nautazama kila nikiingia, kabla hata ya kusalimia.

Aliyenifundisha ni Papa Gervais, Mrundi, katekista wa zamani, mtu wa maneno machache na pua ndefu. Pua naitaja kwa sababu alifanya nayo kazi. Siku yangu ya kwanza tuliingia nyumba moja Rubondo kuangalia jiko jipya. Mwenye nyumba alilitoa ndani akalipangusa kwa kanga, linang'aa kama kikombe cha misa. Nikaandika haraka: linatumika, linatunzwa vizuri sana. Papa Gervais aliinama akalinusa, akainuka.

"Papa Riziki," akaniambia tulipotoka, "jiko linalopika maharage kila siku linanukia nini?"

"Moshi."

"Hili linanukia sabuni."

Tukazunguka nyuma. Yale mafiga matatu ya zamani yalikuwa bado na moto. Lakini subirini, hapo nami nikajiona nimekuwa fundi. Nyumba iliyofuata nilikuta kuku ametaga ndani ya jiko jipya, amekaa juu ya mayai yake kama mwenyekiti. Nikaandika: limekufa. Mama wa nyumba akaniambia, "Weye muzee, huyu kuku anataga mu jiko kila siku, sababu linabakiaka na joto. Tukimaliza kupika tunamuachia." Papa Gervais alicheka mpaka akakaa chini. Niliyafuta maandishi yangu, na nilipotaka kumsogeza kuku nihakikishe kama kweli kuna majivu, alinidona. Majivu yalikuwepo. Daftari langu la siku hiyo linasema: *Kilicho safi kimekufa. Chenye kuku kinaweza kuwa hai. Sijui kama hii kazi nitaiweza.*

Nimeandika daftari kila siku ya kazi, na nikilisoma sasa naona swali hilo karibu kila ukurasa.

Papa Gervais alipostaafu niliachwa na pua yangu mwenyewe, ambayo ni fupi na ina mafua. Nikatafuta njia nyingine. Niliona kwamba ukimuuliza mtu "unatumia?", atasema ndiyo. Siyo mwongo. Anaogopa jina lake litoke kwenye orodha, halafu pia wewe ni mgeni, umetembea kwenye jua, atakunyimaje jibu zuri? Basi nikaacha kuuliza. Badala yake nikawa nasema, "Mama, niazime hiki kitu siku mbili." Akinipa palepale, kimekufa. Akianza kujikuna kichwa, akataja mgonjwa, akataja mkwe, basi kiko hai. Taa za jua nilizipima hivyo, magunia ya kuzuia wadudu wa mahindi nikayapima hivyo, na maduara ya kijani yakawa yanajipanga. Ofisi iliipenda njia hiyo, ikaniambia niwafundishe wengine. Fikirini, mtu wa darasa la sita amesimama mbele ya watu wa chuo, anawafundisha kuomba.

Kuna siku njia hiyo ilinishinda, na niwaambie kwa haki. Endiinzi, kwa wafugaji, walileta mkanda wa shingoni unaomwambia mwenye ng'ombe kwenye simu ng'ombe yuko wapi. Nilitabiri miaka kumi. Niliporudi, mfugaji mmoja akaniambia ng'ombe wake anawajua kwa majina na kwa mwendo, simu ya nini. Mkanda alikuwa amemvisha mbwa, maana mbwa ndiye aliyekuwa anapotea, anafuata harusi. Nikamwomba aniazime, akakataa kabisa. Nikaandika kwenye fomu: *Kiko hai, kwa mbwa.*

Madamu Peace, mkubwa wetu, Munyankore wa Nyamitanga, alinipigia kabla sijafika nyumbani.

"Mzee, hii kitu iko kwa ng'ombe ama iko kwa mbwa?"

"Kwa mbwa, madamu."

"Sasa mimi naandika nini kwa wazungu? Karatasi inasema ng'ombe."

"Andika mfugaji amefurahi."

"Ssebo," akaniita bwana kwa lugha yao, "hakuna chumba ya kufurahi."

Nilipewa jekundu. Liliniuma kidogo, nikasahau. Ningekuwa na akili ningejifunza hapohapo, na hadithi ninayotaka kuwapa leo isingetokea.

Hadithi yenyewe ni ya vyungu. Wanawake wanane wa nyanya pale sokoni Juru walipewa friji za udongo: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye maji. Nyanya zinakaa ndani na ubaridi. Pamoja na vyungu walipewa kibanda chenye bati, kwa sharti kwamba vyungu vikifa, kibanda kitapewa wazo lingine. Wazo lingine lilikuwa tayari linasubiri: mashine yenye kioo, ya kuonyesha bei za mazao. Kiongozi wa wale wanawake alikuwa Mama Consolate, Mrundi, mjane, mtu wa kwaya, mwenye sauti ya kuuza nyanya mpaka ng'ambo ya barabara. Kabla ya kibanda alikuwa akiuza juani, na saa sita za jua la Juru mnazijua zinavyofanya nyanya. Zinavyofanya mtu sitaji.

Mwaka ulipotimia nilikwenda kwake. Alinikaribisha ndani, akanitolea chai kwenye kikombe cha maua chenye kisahani. Chungu kilikuwa pembeni ya mlango, na karatasi ya ofisi yenye namba yake bado imebandikwa tumboni. Safi. Nikasema maneno yangu.

"Mama Consolate, niazime hiki chungu siku mbili."

"Chukua, mzee. Nikutafutie wa kukubebea?"

Hakujikuna, hakutaja mgonjwa. Nilikwenda kwa wenzake saba, na wote walinipa, mmoja hata akaniambia nikae nacho. Daftari la siku hiyo: *Vyungu vimekufa vyote. Namhurumia Mama Consolate lakini siwezi kuandika huruma.* Nikatuma ripoti Mbarara. Hakitumiki. Miaka: sifuri. Chungu cha Mama Consolate nilikiweka nyumbani nyuma ya mlango, nikasahau kukirudisha. Uamuzi wa kibanda uliwekwa Ijumaa ya wiki mbili mbele.

Jumatatu mke wangu alikuwa anakata nyanya. Akaacha kisu.

"Papa Riziki, ii nyanya Mama Consolate aliitoa ku shamba siku gani?"

"Nitajuaje?"

"Mi najua. Alhamisi, siyo ya juzi, ile ingine. Nilikuwa naye. Alisema hii mistari ya manjano hajawahi kuiona, tukacheka." Akanishikisha. Ilikuwa ngumu kama ngumi ya mtoto. "Sasa ile friji yake uliandika imekufa. Nani anamutunzia hizi nyanya, malaika?"

Mke wangu akaendelea kukata, halafu akasema bila kuniangalia, "Mu nyumba yetu sahani ya maua ni ya nani?"

"Ya wageni."

"Unakuliaka?"

"Hapana."

"Basi."

Vijana, nimekaa kambini zaidi ya nusu ya maisha yangu. Kila nyumba ninayoijua ina sahani ya wageni juu ya kabati, na sisi wenyewe tunakula kwenye zile zenye pengo. Mimi mwenyewe nimewahi kumchapa mtoto kwa kugusa ile ya maua. Na nimeingia nyumba nane, nikanywa chai nane kwenye vikombe vya maua, nikaomba chungu chenye karatasi ya ofisi tumboni, halafu nikaandika sifuri.

Kesho yake, Jumanne, nilirudi kwa Mama Consolate. Nilimkuta anasuuza mchele, na yale maji hakuyamwaga, aliyabeba akaingia nayo jikoni. Nikasimama mlangoni.

"Mama, nimekosea kwako. Naomba unionyeshe cha nyumbani."

Alinitazama sana. "Cha nyumbani gani, mzee?"

"Kile usichoweza kuniazima."

Akaweka beseni chini. Akavuta gunia lililolowa, pembeni mwa jiko, na chini yake kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo chungu kikubwa kimezikwa mpaka shingoni. Pembeni hakikuwa na mchanga. Zilikuwa chenga za makaa, zile zinazobaki chini ya gunia na kila mtu anazitupa. Alimimina maji ya mchele kwenye chenga polepole, kuzunguka, kama anamwogesha mtoto. Ndani nyanya zilijaa.

"Ile ya kwenu inakunywa maji kama ngamia," akasema. "Bomba lenyewe unalijua, foleni toka alfajiri. Na mchanga tulifuata ziwani. Hii nimeiweka chini, ardhi yenyewe inasaidia. Maji ya mchele tu, na ya kuoshea vyombo, yanatosha siku mbili. Wenzangu wote wanayo."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mzee, ni wewe ulisoma ile karatasi ya masharti. Siku ya kwanza, ulisimama juu ya benchi. 'Msibadilishe kitu chochote, mtaharibu upimaji.' Tukaogopa kuharibu upimaji wako."

Nilikumbuka benchi. Nilikumbuka hata koti nililovaa.

Nikamweleza mambo yalivyo, bila kupunguza. Nisipoandika, kibanda kinakwenda Ijumaa ya wiki ijayo. Nikiandika, ofisi itajua kwamba walibadilisha, na huenda wakakasirika vilevile. Uamuzi ni wake, chungu ni chake. Akafunika shimo, akafikiri.

"Na wewe watakufanya nini?"

"Watanibandika maduara mekundu. Manane."

"Yanauma?"

"Kidogo."

Akacheka, akasema basi niandike, na akanipa maji ya kunywa kwenye kikombe cha plastiki kilichoungua mkono. Nilikunywa yote.

Alhamisi tulichuma nyanya ishirini mimi na yeye, za ukubwa mmoja. Kumi nilizifunga uzi mweupe kwenye kikonyo, zikaingia shimoni. Kumi uzi mweusi, zikakaa juu ya meza yake kivulini. Sikutaka kuziweka juani, maana hiyo ingekuwa kumsaidia. Alisema mimi ni mtu mgumu. Nikasema nimeshakosea kwa kuhukumu haraka, nisikosee tena kwa kupenda. Tukafungua Alhamisi iliyofuata. Za meza, tisa zilikuwa zimelegea au zimeoza, moja tu nzima. Za shimo, nane nzima, na mbili zimeoza. Mama Consolate alitaka zile mbili tuzitupe.

"Zinakwenda Mbarara nazo," nikasema.

"Mzee, utaniaibisha na nyanya zilizooza?"

"Zinakwenda."

Asubuhi ya Ijumaa nilifika ofisini na ndoo. Madamu Peace alikuwa anavaa miwani, ripoti mbele yake, kalamu mkononi. Saa sita uamuzi ulitakiwa uwe umetumwa.

"Mzee, leo unaniletea soko?"

"Nimeleta makosa yangu, madamu."

Nikapanga nyanya ishirini juu ya meza, nyeupe huku, nyeusi huku. Nikaeleza uzi, nikaeleza shimo, nikaeleza benchi. Zilizooza nikaziweka juu ya gazeti, lakini mojawapo ikavuja mpaka kwenye ripoti, ikafika hasa pale nilipoandika sifuri. Nawaambia kweli, sikupanga.

Madamu alichukua moja ya shimoni akaibonyeza, akainusa, akaikata kwa kisu cha barua, akala.

"Kale," akasema, yaani sawa kwa lugha yao. "Kwa hivyo chungu yetu imekufa."

"Imekufa, madamu. Hilo sikukosea. Vyungu vya karatasi vyote ni vya wageni."

"Na hii ingine?"

"Iko hai. Iko chini ya ardhi."

"Karatasi inasema chungu ndani ya chungu. Wewe unaniletea chungu ndani ya shimo."

"Ndiyo."

"Kama ile mkanda ya mbwa."

"Ndiyo, madamu. Nilipaswa kujifunza kwa mbwa."

Akafuta kisu kwa karatasi. Nje ng'ombe walikuwa wanapitishwa, na mwenye duka la chini alikuwa anawafukuza mlangoni kwake. Halafu madamu akaniambia jambo ambalo nimelitunza. "Mzee, sisi tunapima kitu tulileta. Hatupimi kitu walibaki nayo." Akachukua kalamu, akachora kwa mkono chumba cha tatu pembeni ya vile viwili, bila rula, kimepinda. Ndani yake akaandika: *imehama*. Akaniuliza itakaa miaka mingapi. Nikasema sijui. Akasema hiyo si namba. Nikasema ndiyo, lakini ni kweli. Akachora kistari mahali pa namba, akaendelea.

Niwe wa haki mpaka mwisho. Vyungu vingine mia ambavyo mfinyanzi wa vile vya kwanza alikuwa amevitumaini havikuagizwa, na huyo mfinyanzi hakunisalimia muda mrefu, na sikumlaumu. Mashine ya bei ilipelekwa soko lingine, na nasikia inafanya kazi, watu wanaisoma. Mimi nilidhani itakufa kwa miezi mitatu, kwa hiyo wekeni jekundu jingine hapo. Maduara yangu manane yalibandikwa yote. Madamu aliniuliza kama nataka yabandikwe nisipokuwepo. Nikabandika mwenyewe.

Kibanda kilibaki kwa wanawake. Kiko pale hadi leo, bati limeanza kutu upande wa mvua, na Mama Consolate anaimba bei zake chini yake.

Chungu chake cha karatasi nilijaribu kukirudisha mara mbili. Alikataa. "Kaa nacho, mzee. Wageni sasa watakuja kwako." Mke wangu hakusubiri wageni. Alibandua karatasi, akachimba shimo nyuma ya jiko, akakizika.

Juzi, miaka baada ya kustaafu kwangu, alikuja binti mmoja wa ofisi, mfuatiliaji mpya, na tableti yake. Hakunijua mimi ni nani. Aliona lile gunia lililolowa, akatabasamu kwa adabu, akamwambia mke wangu, "Mama, naomba uniazime hicho chungu siku mbili."

"Chungu gani?" mke wangu akasema. "Apana, binti yangu. Hiki hakitokake."

Nikaona uso wa binti unafurahi. Kidole chake kikaenda kwenye alama ya hai. Vijana, moyo wangu ulifurahi naye. Lakini nikasema, "Ngoja kidogo. Hilo swali nimelitunga mimi, na huyu mama amelisikia miaka yote hapa nyumbani. Labda amekukatalia kwa sababu anajua kukataa kunaandikwaje. Nakivale yote inalijua sasa. Tafuta swali jipya."

"Swali gani, papa?"

"Sijui. Kaa kwanza."

Akakaa. Hakuweka alama popote. Mke wangu akafunua shimo, akatoa nyanya tatu, akazikata, akatia chumvi, akamletea kwenye sahani yetu yenye pengo. Binti akala akitazama tableti yake, akaniuliza tena swali jipya litakuwa lipi, na hakuona sahani.